Mtoto Asiyekaa Kitako na Mji Uliofungwa

ZUHURA: Assalaam aleikum, wapenzi wasikilizaji. Karibuni barazani. Mimi Zuhura, niko na kaka yangu Juma. Leo ni habari ya watoto wenye ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza fikira, na ule mwaka wa korona tuliofungiwa.

JUMA: Waaleikumu salaam. Dada Zuhura, wako watakaouliza, korona imekwisha, twarudi huko kutafuta nini?

ZUHURA: Mimi mwanangu nimemjua mwaka ule. Kabla yake nilikuwa nikimwita mtundu tu. Shule zilifungwa Machi 2020, ana miaka minane. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale wa Mombasa nao ukafungwa. Sisi tuko ghorofa ya tatu, vyumba viwili, watu sita. Na ni Ramadhani.

JUMA: Kafyu nayo ilishaanza tangu Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Mombasa pia hutoki.

ZUHURA: Basi yeye alikuwa akikimbia kutoka mlangoni, anagusa nondo za dirisha, anarudi. Kutwa nzima. Siku moja namkuta amekwangua chokaa ya ukuta kwa kijiko, mpaka jiwe la matumbawe laonekana. Nilimpiga. Ile kofi yaniuma mpaka leo.

JUMA: Pole, dada yangu. Majirani nao?

ZUHURA: Wakasema ana jini, asomewe. Nikamsomea, kisomo ni kheri. Lakini hakutulia.

JUMA: Hakutulia kwa sababu tatizo liko kwenye namna ubongo wake unavyofanya kazi. Ile sehemu ya mbele, inayomwambia mtu subiri, maliza, panga, kwa watoto hawa hukomaa polepole. Saa yao ya ndani haiwatoshi, huishi kwa saa ya nje: kengele ya shule, ustadhi wa chuo cha Kurani, mpira baada ya alasiri. Sasa vyote vikaondolewa kwa mpigo mmoja. Masomo ya redioni na kwenye televisheni yalikuwapo, lakini redio haimgusi mtoto bega akipotea.

ZUHURA: Na usingizi, kaka! Mwezi ule nyumba nzima tuko macho mpaka daku. Yeye alilala kukipambazuka, akaamka amevurugika.

JUMA: Usingizi ukipungua, dalili zote huzidi. Wengine walikuwa na daktari Nairobi, barabara imefungwa, na dawa zinawaishia. Hao waliteseka mara mbili.

ZUHURA: Kilichotuokoa sisi ni adhana. Sala za jamaa misikitini zilisimamishwa, lakini adhana haikukatika. Nikamwambia, ukisikia ya adhuhuri, daftari. Dakika kumi tu, kisha inuka. Ukisikia ya alasiri, maji. Mwenye mkokoteni akifika chini, yeye ashuka na dumu la lita tano, apanda ngazi nalo, ashuka tena. Siku ya kwanza alipandisha manne. La nne alipoliweka chini jikoni, akakaa kitako mwenyewe, shati limelowa, akafungua kitabu akasoma ukurasa mzima akifuata mistari kwa kidole. Mimi nimesimama na mwiko mkononi, naogopa hata kukohoa.

JUMA: Mwili ukifanya kazi, akili hushikika. Hilo lajulikana. Ila tusidhani watoto wote walizidiwa. Ufaransa wazazi waliulizwa mwaka uleule. Takribani thuluthi walisema mtoto amekuwa mbaya zaidi, thuluthi hali ileile, na thuluthi wakasema ametulia. Nami naamini sababu. Nyumbani hakuna mwalimu wa kumfokea mbele ya wenziwe arubaini.

ZUHURA: Hapo ndipo nilipofikiria sana shule zilipofunguliwa Januari 2021. Sikutaka arudi kuitwa mtundu. Nikampeleka kupimwa.

JUMA: Msikilizaji, viko vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vile vya EARC. Huduma hiyo ipo Kenya tangu 1984. Anza kwa kumuuliza mwalimu wa shule yako.

ZUHURA: Na usingoje mtoto akwangue ukuta.

JUMA: Enhe, ule ukuta mliupaka?

ZUHURA: Babake alileta chokaa mara mbili, nikamzuia. Mwezi uliopita mwanangu mwenyewe akaomba brashi. Alianza baada ya alasiri, magharibi ikamkuta amemaliza.