Kubusti posti bila kupoteza pesa: nakuonyesha kwa kofia hii moja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Karibuni dakani kwetu, hapa ukumbini mlangoni, mtaa wa Langoni, Amu, yaani mji wa Lamu. Wanaonijua wanajua nikikaa hapa huwa nashona kofia, na leo pia ninayo pajani, lakini video ni ya kubusti, yaani kuilipa Facebook iwaonyeshe posti yako watu wengi zaidi. Ni ya wale wanaoniandikia kila wiki: "Dada, nimebusti posti, nimepata laiki mia nne, mteja hata mmoja. Nimekosea wapi?" Wameuliza wauza achari, wauza mabuyu, nahodha mmoja wa Shela, fundi wa makubadhi wa Siyu. Jibu langu kwao wote ni hili: Facebook hukupa kile ulichoiomba. Uliomba laiki, ukapewa laiki. Leo tunajifunza kuomba wanunuzi.

Nitabusti posti ya kweli, kwa pesa yangu, mbele yenu. Na kabla sijaanza: kuna mahali tutafika pa kuchagua siku ya mwisho ya tangazo. Hapo nitarudia maneno mpaka mchoke. Nivumilieni, nitawaambia kwa nini.

Ukurasa wa biashara nadhani unao. Kama bado unauza kwa akaunti yako binafsi, ile yenye picha za harusi ya binamu, simamisha video, fungua ukurasa, ni bure na ni dakika chache. Umerudi? Twende.

Picha. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea kabla tangazo halijaanza.

Kofia hii imenichukua wiki sita. Kazi yote iko kwenye hivi vitundu, kila kimoja kimetobolewa kwa sindano, kisha kikazungushwa uzi ukingoni. Sasa tazameni nikiipiga picha mezani, kwa flashi. Mnaona nini? Kitu cheupe, kama bakuli limefunikwa. Mtu aliyeko Nairobi akiona hii, akasoma bei ya shilingi 4,500, atasema mbona sokoni ziko za mia tatu. Na ana haki, hujamwonyesha tofauti. Sasa naivisha kwenye ngumi, hivi, nainyanyua kuelekea mlangoni, mwanga upite kwa nyuma... simu inatafuta... subirini... haijakaa sawa... hapo. Hapo! Mmeona vitundu vilivyowaka? Kila ua limetokeza peke yake. Sogeza simu karibu, uzi uonekane. Mimi hupiga saa mbili asubuhi au saa kumi jioni. Jua la saa sita kwenye kitu cheupe linafuta kila...

Ngojeni, punda wanapita. Wamebeba mchanga, njia ni yao. Haya. Haya, bado mmoja. Huyo wa nyuma namjua, husimama kila baraza kusalimia. Tumsubiri mzee wetu.

Haya. Usiijaze picha maandishi. Wengine bado wanaambiwa Facebook hukataa picha yenye maandishi zaidi ya asilimia 20. Sharti hilo liliondolewa 2020. Lakini hata kama inaruhusiwa, kwenye simu ndogo maandishi yanaficha kofia, na mimi nauza kofia.

Wimbo pia. Video uliyoiwekea wimbo wa msanii anayevuma, ukitaka kuibusti itakataliwa kwa sababu ya hakimiliki. Rekodi sauti yako. Au acha sauti ya sindano na bahari, mimi hupenda hivyo.

Na picha ya mteja: omba ruhusa, tena kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha kuweka kumbukumbu. Hapa kwetu mtu anaweza kukuvunjia undugu kwa picha ya mkewe au bintiye. Na sheria ipo, ya ulinzi wa data ya 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kofia ngapi hizo? Sisi tunatumia ngumi, yatosha.

Maneno ya posti. Nawasomea yangu: "Kofia ya Lamu, imeshonwa kwa mkono. Saizi 22 na nusu. Shilingi 4,500. Tunatuma Mombasa, Malindi na Nairobi kwa basi, nauli ya mzigo juu ya mnunuzi. Bonyeza WhatsApp." Basi. Bei iko pale. Naomba sana, tena sana, wacheni "bei inboksi". Najua unaogopa jirani asijue bei yako. Jirani anaijua, alishamtuma mtoto wa dada yake kuuliza. Unayemfukuza ni mnunuzi, mtu yuko matatuni, ana dakika moja, anataka ajue kama anaiweza au haiwezi. Na saizi usiisahau. Siku niliyosahau saizi nilipata jumbe thelathini, zote swali moja, na tangazo linaendelea kula pesa huku mimi najibu "22 na nusu, 22 na nusu".

Sasa tunabusti. Naweka skrini karibu... inang'aa. Nigeuke. Mnaona sasa? Vizuri.

Kitufe cha buluu chini ya posti, bonyeza. Kinachokuja kwanza ni lengo: unataka nini kutokana na tangazo hili? Wengi huacha lilivyo, na lilivyo mara nyingi ni kumwachia Facebook achague, au wachangamkaji, yaani laiki na komenti. Badilisha. Chagua ujumbe. Wako watu ambao kazi yao ni kupenda picha. Wanaona kofia, wanagonga laiki, wanapita. Facebook inawajua kwa tabia zao. Wako wengine wakipenda kitu wanauliza, na hao pia inawajua. Ukiomba laiki, inakutafutia wale wa kwanza. Ukiomba jumbe, inakutafutia wa pili. Laiki zitapungua. Usishtuke. Mwezi uliopita tangazo langu lilipata laiki 19 na kofia tano ziliuzwa.

Kitufe: WhatsApp. Kama hukuunganisha nambari na ukurasa, itakuuliza hapa. Kuna wanaopenda kuandika wenyewe kiungo cha wa.me, kile kinachomfungulia mteja WhatsApp yako: andika 254 halafu nambari bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Ukiandika 07, kiungo kinakufa, na wewe utakaa unashangaa mbona hakuna anayeuliza.

Walengwa. Mahali. Futa Kenya nzima. Kaunti yetu yote ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 kwa sensa ya 2019, na hapa Amu nyumba nyingi zina mtu anayejua kushona kofia. Kulipia tangazo ili umwonyeshe Mwamu kofia ni kupeleka samaki Matondoni. Mombasa sensa ileile ni watu 1,208,333, misikiti imejaa, na kofia ya Lamu wanaijua thamani yake. Kwa hivyo naandika Mombasa. Naandika Nairobi. Naandika Malindi, na hapa soma jina lote kabla hujabonyeza: iko Malindi yetu ya Kilifi, na iko Malindi ya Unguja, mtaa wa Mji Mkongwe. Vilevile Shela yetu ya hapa na Shella ya mjini Malindi. Majina ni ndugu, wateja siyo.

Nahodha wangu, wewe fanya kinyume. Mteja wako ni mgeni ambaye tayari yuko kisiwani, anataka kwenda kisiwa cha Manda Toto kesho asubuhi. Aliyeko Nairobi leo hakufai kitu. Weka pini kwenye ramani, punguza duara mpaka libaki Shela, mji wa Amu na uwanja wa ndege wa Manda, ili anayeshuka ndege akukute kwenye simu yake.

Jinsia naacha wote. Zamani niliweka wanaume pekee, kwa sababu kofia huvaliwa na wanaume. Kumbe wanaonunua kwangu zaidi ni wanawake: anamnunulia mume, anamnunulia mwana anayeoa, anamnunulia baba kwa Idd. Nilikuwa nimewafungia mlango mwenyewe. Umri 25 kwenda juu, hilo ni chaguo langu, kwa bei hii.

Haya. Tumefika. Siku ya mwisho ya tangazo.

Tazameni skrini. Chaguo la kwanza: tangazo liendelee mfululizo. La pili: chagua siku litakapoisha. La kwanza ndilo lililokuwa limeshachaguliwa niliposhika simu. Mnaona alama? Mimi sikuigusa. Ukibonyeza mbele bila kusoma, umeiambia Facebook iendelee kukata pesa mpaka siku utakapokumbuka.

Nilifanya hivyo. Niliandika shilingi 300, nikajua ni 300 kwa tangazo zima. Ilikuwa 300 kwa siku, mfululizo, kadi imeunganishwa. Kofia nilikuwa nazo nne, zikaisha siku ya nne. Nikaenda kwa shangazi kwenye harusi, mambo ya jikoni hayo, simu unaiona usiku tu. Siku 21. Mara 300, 6,300. Weka kodi ya VAT ya asilimia 16, ni 7,308. Na uchungu zaidi ya pesa ni zile jumbe: watu wanaomba kofia ambayo haipo, wengine wakaniona mwongo. Mama alikaa na zile hesabu mkononi, hakusema neno, akarudi kwenye sindano yake. Nilitamani aseme.

Kwa hivyo. Chaguo la pili. Nabonyeza. Siku tano. Naangalia tarehe: inaisha Jumatano. Naisoma kwa sauti, nanyi msome kwa sauti kila mara. Inaisha lini? Jumatano.

Bajeti, na hapa yuko ndugu wa yule adui wa siku ya mwisho: soma kama ni ya kwa siku au ya jumla. Naweka 300 kwa siku, siku tano, 1,500. Pamoja na VAT, 1,740. Hiyo 1,740 ndiyo iingie kwenye hesabu ya bei yako, isiwe 1,500. Mimi nina kofia tatu za saizi hii, kwa hivyo tangazo linabeba shilingi 580 kwa kila kofia zikiuzwa zote. Naikubali. Kama ungekuwa unauza kashata za shilingi kumi kumi, nisingekubali. Ningeweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp nikanyamaza.

Kulipa: mimi sasa natanguliza pesa kwa M-Pesa. Zikiisha, tangazo linasimama lenyewe. Kadi ya GlobalPay, ile ya mtandaoni ya M-Pesa, pia inafaa, ila iwe na kiasi hicho tu, usiache akiba ya karo humo.

Kabla sijabonyeza mara ya mwisho, narudi juu. Samahani, lazima. Narudi juu... lengo, ujumbe. Mahali, Mombasa, Nairobi, Malindi ya Kilifi. Inaisha... Jumatano. Sawa. Bismillah. Nimebonyeza.

Sasa litakaguliwa, mara nyingi ndani ya saa 24. Ndiyo maana tangazo la Idd haliwekwi usiku wa mwezi kuandama. Mzigo wangu huvuka kwa boti hadi Mokowe, hapo ndipo upande basi. Kwa Idd mimi huanza kutangaza Shaabani. Kwa Maulidi, mwezi wa mfungo tano, kwa sababu ikifika mfungo sita wageni wenyewe wamejaa msikiti wa Riyadha, naweka kofia barazani na sina haja ya kubusti.

Likishaanza, usiliguse. Saa mbili zimepita hakuna ujumbe, mtu anabadilisha picha, anabadilisha mji, anaongeza pesa. Kila ukibadilisha jambo kubwa mfumo unaanza upya kutafuta watu wako. Liache siku mbili. Shona.

Na ukianza kulipia matangazo utaletewa jumbe: "Ukurasa wako utafungwa, bonyeza hapa." Usibonyeze. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani anayeingia aulizwe nambari ya siri ya pili juu ya nywila, leo hii, kabla ya kulala.

Kitu cha mwisho, chukua simu ya mtu mwingine. Nimeazima ya mdogo wangu. Ukurasa wangu... posti... kitufe... imefungua WhatsApp yangu, nimetuma ujumbe, na salamu imetoka yenyewe: "Ahsante kwa kuuliza. Kofia zipo, nitakujibu kabla ya Magharibi." Hiyo salamu unaiweka kwenye WhatsApp Business mara moja. Na ukiahidi Magharibi, jibu kabla ya Magharibi.

Adhana hiyo. Mnaisikia? Ngoja nizime. Kofia za 22 na nusu ni hizi tatu. Za 23 zitakuwa tayari mwisho wa mwezi, mama yuko kwenye utosi wa moja. Tangazo lako likikwama mahali, nipigie picha ya skrini unitumie, lakini kwanza uniambie linaisha lini.