Wanalia Hasara, Daftari Hawafungui

(Mazungumzo mbele ya Waswahili wa Pittsburgh na vitongoji vyake, yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Asanteni, asanteni. Mwenyekiti amenipa nusu saa, na mada aliyoniandikia ni ya siku tatu: matumizi ya timu za besiboli na sera za serikali wakati wa korona. Wengi wenu haya mmeshanisikia nikiyasema kwenye harusi, kwenye arobaini, hata kwenye foleni ya biriani, na nawaona wawili kule nyuma wameshaanza kuangaliana. Vumilieni. Besiboli inavyochezwa sitaeleza. Asiyejua amuulize mwanawe, watoto wetu wanajua kuliko sisi.

Kuna lawama inayovuma kila msimu, kwamba Dodgers wa Los Angeles wanaua mchezo kwa pesa. Desemba 2023 walimsaini Shohei Ohtani kwa dola milioni 700, miaka 10, na kati ya hizo milioni 680 atalipwa baadaye, kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Mwaka mmoja baadaye Mets wa New York wakampa Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15. Sisi huku Pittsburgh, timu yetu Pirates, tulipompa Bryan Reynolds milioni 106.75 mwaka 2023, ilikuwa rekodi ya klabu na mji mzima ukapigwa na butwaa. (Kicheko.) Basi watu wakiniona na kofia yangu ya njano na nyeusi wanadhani lazima niwachukie Dodgers. Niwachukie kwa lipi? Wamechukua pesa za mashabiki wao, wamewapa wachezaji, wachezaji wanacheza. Hiyo ndiyo kazi ya timu.

Halafu pesa yenyewe hainunui kikombe moja kwa moja. Mwaka 2023 Mets walilipa mishahara ambayo hadi wakati ule ilikuwa haijawahi kuonekana katika mchezo huu, wakamaliza na ushindi 75 na vipigo 87. Mwaka 2020 Tampa Bay Rays, ambao mishahara yao ni ya kuokoteza, walifika fainali, na huenda wangeipeleka kwenye mechi ya saba kama kocha wao asingemtoa mrushaji wao Blake Snell akiwa amerusha mipira 73 tu. Hiyo tuiache, nikiingia humo hatutoki.

Ninayemlalamikia mimi ni yule asiyetumia. Utaratibu mnaujua: kila klabu inatia asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye kapu moja, kapu linagawanywa sawa kwa timu zote 30. Kwa hiyo timu ndogo inapokea zaidi ya ilichotia. Ile ziada ni ya nini? Ni ya kuboresha timu. Februari 2018 chama cha wachezaji kilifungua malalamiko rasmi dhidi ya klabu nne, kikidai kuwa pesa hizo haziendi zinakotakiwa kwenda: Miami, Tampa Bay, Oakland na, msiinamishe vichwa, Pittsburgh. Klabu zikajibu kuwa hali ni ngumu. Sawa, tuonyesheni daftari la hesabu. Daftari ni siri ya biashara.

Siri ya biashara! Uwanja wa Pirates, PNC, pale ng'ambo ya mto, ulifunguliwa 2001. Novemba 1997 wananchi wa wilaya 11 waliulizwa kwenye kura kama wako tayari kuongezewa kodi ya mauzo kwa ajili ya viwanja. Wakasema hapana, na si hapana ya kunong'ona. Wakubwa wakaja na kile walichokiita Mpango wa Pili, pesa za umma zikapatikana kwa mlango mwingine, uwanja ukajengwa. Uwanja mzuri, sikatai, hakuna mzuri zaidi Marekani nzima. Lakini ukishajengewa nyumba na watu, wakikuuliza unapata kiasi gani usiwaambie ni siri.

Sasa nifike Mei 2020. Mtaniwia radhi, hapa huwa nakaa.

Machi 12 ligi ilisimamishwa. Vijana wa ligi ndogo, yaani timu za chini za klabu ambako wanapikwa kabla ya ligi kuu, wale wa Jamhuri ya Dominika, wa Venezuela, wa vijiji vya Georgia, wakarudishwa makwao. Hawa si akina Ohtani. Kwa wakati ule kijana wa ngazi ya chini kabisa alikuwa analipwa chini ya dola 5,000 kwa mwaka. Ligi ikasema kila mmoja atapewa dola 400 kwa wiki hadi Mei 31, kisha kila klabu iamue yenyewe. Mei 26 Oakland Athletics wakatuma barua pepe: kuanzia Juni hatulipi. Mkataba hawakuuvunja, angalieni hapo. Kijana hawezi kwenda klabu nyingine, bado ni mali yao, ila posho hakuna.

Mmiliki ni John Fisher, mtoto wa familia iliyoanzisha maduka ya nguo ya Gap. Bilionea. Hebu tupige hesabu pamoja, kwa sauti. Chukua wachezaji 200. Mara dola 400? Elfu 80 kwa wiki. Kutoka Juni mosi hadi mwisho wa Agosti ni wiki ngapi? Kumi na tatu. Jumla? Milioni moja na elfu 40. Mwaka ule mchezaji mwenye mshahara wa chini kabisa kwenye ligi kuu, kama msimu ungechezwa mzima, angelipwa dola 563,500. Yaani bilionea alikuwa anataka kuokoa mshahara wa wachezaji wawili wa benchi, na aliowakata ni vijana 200 wanaolala wanne chumba kimoja.

Mtu ataniambia: bwana, kulikuwa na janga, kila mtu alibana. Vizuri. Kansas City Royals je? Timu ndogo, mji mdogo, mmiliki mpya aliyeinunua miezi michache tu kabla ya janga kwa takriban dola bilioni moja. Hao walitangaza wiki ileile kuwa wataendelea kuwalipa vijana wote na hawamwachishi mtu. Minnesota vilevile. Shin-Soo Choo, mchezaji wa Texas, Mkorea, akatoa mfukoni mwake dola 1,000 kwa kila kijana wa ligi ndogo ya klabu yake. David Price akafanya hivyo hivyo kwa vijana wa Dodgers, na yeye wakati ule hata kutupa mpira mmoja kwa Dodgers alikuwa hajawahi. Mchezaji analipa, mmiliki anabana!

Kelele zikapigwa. Juni 5 Fisher akarudi nyuma, akasema amekosea, posho ikarudishwa. Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Aliyerudisha kwa kuaibishwa alikuwa nayo tangu mwanzo, kwa hiyo lile neno "hatuna" halikuwa kweli. Na kama halikuwa kweli kwa dola 400, nitaliaminije likisemwa juu ya milioni 400?

Kwa sababu lilisemwa. Tom Ricketts, mmiliki wa Cubs wa Chicago, alisema hasara ya ligi ni ya kiwango cha Biblia. (Kicheko.) Kamishna wa ligi Rob Manfred akasema mwezi Oktoba kuwa klabu kwa pamoja zina deni la dola bilioni 8.3 na zitapata hasara ya karibu bilioni tatu. Wachezaji walipotakiwa wakubali kupunguziwa mishahara mara ya pili, waliomba nyaraka za kuthibitisha. Hawakupewa za kutosha, wakagoma kukatwa tena, na Manfred akaamuru msimu wa mechi 60 badala ya 162. Wakalipwa asilimia 37 ya mishahara yao, kwa hesabu ya mechi zilizochezwa.

Nisieleweke vibaya. Hasara ya 2020 ilikuwepo, na naweza kuithibitisha mimi mwenyewe, kwa sababu kuna klabu moja ambayo wakati ule ilikuwa chini ya kampuni iliyouza hisa kwa umma, Atlanta Braves. Sheria iliwalazimisha wafungue daftari. Mwaka 2019 waliingiza dola milioni 476. Mwaka 2020, milioni 178. Hilo ni anguko hasa. Mwaka 2021 je? Milioni 568! Juu kuliko kabla ya korona, na ubingwa wakachukua. Umeona daftari linavyozungumza? Linamtetea mmiliki pale anaposema kweli, na linamsuta anapoendelea kulia baada ya machozi kukauka. Zile timu 40 za ligi ndogo zilizokatwa kutoka 160 hadi 120 hazikurudi mwaka 2021. Miji midogo ilipoteza timu zake moja kwa moja kwa hoja ya mwaka mmoja. Najua mpango huo ulianza kusukwa kabla ya janga, usiniinulie mkono. Ndiyo maana nauita kisingizio.

Haya, serikali. Muda?... Dakika kumi. Sawa.

Viwanja vya Marekani vinajengwa kwa kodi ya hoteli, kodi ya magari ya kukodi, kodi ya mauzo. Arlington, Texas, Novemba 2016 walipiga kura kutoa dola milioni 500 kwa uwanja mpya wa Rangers, timu ya besiboli ya huko, wakati wa zamani ulikuwa umefunguliwa 1994 tu. Kisa? Joto, wanataka paa na kiyoyozi. Sasa janga likija, nani anakaa hotelini? Nani anakodi gari? Mmiliki akikosa mashabiki anapunguza wafanyakazi. Mji ukikosa kodi, deni la uwanja liko palepale. Las Vegas mwaka 2020 uwanja wa timu ya futiboli ya Kimarekani ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa, hoteli tupu, kaunti ikalazimika kuchota akiba kulipia deni. Ungedhani wamejifunza. Juni 2023 jimbo hilohilo la Nevada likaidhinisha dola milioni 380 za umma kwa uwanja mwingine. Wa nani? Wa John Fisher, anayehamishia timu yake huko! Yule wa dola 400! Mechi ya mwisho Oakland ilichezwa Septemba 26, 2024, baada ya timu kukaa pale tangu 1968. Na huo uwanja wa Oakland waliouacha, Februari 2021 ulikuwa kituo cha chanjo, watu walipanga foleni ndefu za magari. Mji ulipouhitaji uwanja ulifaa. Timu ilipouhitaji ukawa magofu.

Najua kuna mzee ataniuliza mbona kwetu Bara ligi ilirudi Juni 2020 na watu wakaingia uwanjani. Mzee wangu, kwetu takwimu zilikuwa zimeacha kutangazwa tangu mwishoni mwa Aprili. Hilo nalo ni daftari lililofungwa, na sitalisifu kwa sababu tu Simba walimfunga Yanga nne Julai ile. (Makelele.) Tulieni. Texas nao Aprili 2021 walijaza uwanja, watu zaidi ya 38,000, Rais Biden akasema ni kosa. Mimi nasema hivi: ukitaka kufungua fungua, ukitaka kufunga funga, lakini mizani iwe moja kwa wote.

New York haikuwa moja. Februari 2022 jiji liliwafukuza kazi watumishi wapatao 1,430 waliokataa chanjo. Wafagiaji, askari, wasaidizi wa shule. Machi 24 Meya Eric Adams akaenda Citi Field, nyumbani kwa Mets, akatangaza kuwa wanamichezo na wasanii wamesamehewa sharti la chanjo. Wiki mbili kabla ya msimu! Hoja yake ilikuwa kwamba wachezaji wageni tayari walikuwa hawabanwi, kwa hiyo timu za nyumbani zinaonewa, na uchumi unahitaji michezo. Hoja ya kwanza ina akili, nakubali. Ilikuwa sheria yenye tundu. Lakini tundu likionekana unaliziba au unaifuta sheria kwa wote. Hutoi ruhusa kwa mwenye mkataba wa mamilioni halafu mwenye ufagio ukamwambia sayansi ni sayansi. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo ilivyosomeka mtaani. Mtu asiende kusema nimepinga chanjo. Mimi nilichanjwa mapema, na mama watoto ni nesi, asingenilaza ndani. (Kicheko.) Ila masharti ya afya yakishapindishwa kwa ajili ya ufunguzi wa msimu, nani atakuamini janga lijalo?

Canada hawakupinda. Julai 2022 Royals, wale niliowasifu, wachezaji wao kumi walibaki nje ya mpaka kwa sababu hawakuchanjwa, timu ikaenda Toronto pungufu. Mmoja wao, Whit Merrifield, akasema pengine angefikiria kama angekuwa kwenye timu yenye nafasi ya kucheza mchujo huko. Wiki chache baadaye akauzwa kwa timu gani? Toronto. Akachanja. (Kicheko kirefu.) Sheria ikisimama watu wanaizoea, sina la kuongeza.

Nilikuwa na sehemu ya kodi ya anasa, ile timu hutozwa ikizidisha mishahara, na ya ukomo wa mishahara, mwenyekiti ananionyesha saa, basi kwa ufupi kabisa. Mkataba wa sasa wa ligi na wachezaji unaisha Desemba 1, 2026. Mara ya mwisho mkataba ulipoisha wamiliki waliwafungia wachezaji milango siku 99. Wamiliki wanataka ukomo wa mishahara, watawaambia ni kwa ajili ya timu kama Pirates. Kabla hamjawaunga mkono, ulizeni kama utakuwepo na kima cha chini ambacho mmiliki lazima atumie, na ulizeni nani atakagua hesabu. Wale vijana wa ligi ndogo walishajiunga na chama mwaka 2022, na mshahara wa chini wa ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo ukapanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800. Hakuna klabu iliyofilisika kwa hilo.

Haya, maswali. Na yule kaka mwenye jezi ya Yankees, wewe utakuwa wa mwisho.