Betri Mpya, Waya za Zamani

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za asubuhi. Nimeombwa niongee na mliobadilishiwa betri ya moyo, yaani kile kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kuusaidia moyo kupiga kwa umeme, pamoja na ndugu zenu mnaowauguza. Kazi yangu ni kuvipima vifaa hivi kwa kompyuta, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwanangu, nimewekewa mpya, mbona najisikia vibaya kuliko nilivyokuwa na ile ya zamani?"

Tuanzie kwenye kilichofanyika. Betri yenyewe imefungwa ndani ya kasha la titani, haichomoki kama ya tochi. Ikichoka, mara nyingi baada ya miaka 8 hadi 12, kasha zima hutolewa likawekwa jingine. Lakini waya zinazoingia moyoni, kama bado zinapima vizuri, huachwa palepale. Kwa hiyo kifuani mwako sasa kuna kitu kipya kilichoungwa na kitu chenye miaka kumi. Mimi nikipokea mgonjwa wa namna hii, natazama maungio kwanza.

Waya huingia kwenye tundu la kasha, kisha hubanwa kwa skrubu ndogo mno. Kichwa cha waya kisipofika mwisho wa tundu, au skrubu isipokazwa sawasawa, umeme unapita na kukatika. Mama mmoja aliletwa kwetu siku ya nne baada ya kubadilishiwa kwingine. Akilala, mzima. Akinyoosha mkono kuteremsha sufuria kabatini, giza machoni. Kipimo cha umeme wa moyo alichofanyiwa akiwa ametulia kilikuwa safi, akaambiwa ni hofu tu. Binti yake ndiye aliyeng'ang'ania: "Kaka, mpime huku anausogeza mkono." Nikampima hivyo. Ukinzani wa waya, yaani kiasi umeme unavyozuiwa kupita, ambao kwa kawaida huwa kati ya ohm 300 na 1,500 hivi, ukaruka kupita 2,000, na pigo moja likakosekana, kisha la pili. Eksirei ikaonyesha kichwa cha waya kimeishia njiani. Alirudishwa chumba cha upasuaji, waya ikasukumwa mpaka mwisho na skrubu ikakazwa. Tangu siku ile hakuna ninayempima bila kumwambia anyanyue mkono, azungushe bega, akohoe. Na ninamshukuru yule binti mpaka leo.

Ukinzani ukianguka chini ya 200, nashuku ganda la waya limechubuka na umeme unavuja. Mwingine husikia msuli wa kifua ukirukaruka karibu na kasha, mwingine hushikwa na kwikwi zisizokoma. Semeni hayo mkija kliniki, hata kama mnaona ni mambo madogo.

Kuna wengine ambao vyuma na waya zao hazina kasoro yoyote. Mzee mmoja alizoea kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu bila kusimama. Baada ya kubadilishiwa, akifika ya kwanza anatafuta pa kukaa. Kifaa chake cha zamani kilikuwa na kihisio kinachotambua mwili ukitembea, kikaongeza mapigo. Kipya nacho kilikuwa na kihisio, ila kilikuwa kimezimwa. Kifaa hutoka kiwandani na mpangilio wa jumla, na ule uliomfaa mgonjwa kwa miaka mingi lazima mtu auhamishe. Tulikiwasha, nikatembea naye koridoni, nikarekebisha kidogo, tukatembea tena. Dakika 20. Miezi miwili nzima alikuwa ameamini kwamba ni uzee umemfikia, na hilo liliniuma sana.

Sasa kidonda. Hapa nisikilizeni vizuri. Hatari ya maambukizi wakati wa kubadilisha ni kubwa kuliko ya kuwekewa mara ya kwanza, maana mfuko uleule wa ngozi unafunguliwa tena. Damu ikivilia pakavimba, msikubali mtu yeyote apachome sindano ili ainyonye, maana sindano hiyo inaweza kupeleka vijidudu ndani. Mkiona wekundu, joto, usaha, au ngozi iliyokonda na kung'aa juu ya kasha, rudini siku hiyohiyo. Msianze antibayotiki za dukani. Vijidudu vikishakaa juu ya chuma, vidonge peke yake haviviondoi, na hulazimu kutoa kasha pamoja na waya zake.

Najua wapo wanaoniangalia wakijiuliza, watanifungua mara ngapi? Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza duniani kupandikizwa kifaa hiki, aliwekewa tarehe 8 Oktoba 1958, na kile cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu. Katika maisha yake alitumia vifaa zaidi ya 20. Alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 86.

Simu msiiweke mfuko wa shati upande wa kasha. Iwe mbali kwa sentimita 15 au zaidi, na mkipiga tumieni sikio la upande wa pili.

Sasa toeni kadi zenu. Iangalie: ina aina ya kasha, na tarehe uliyowekewa. Je, waya zako nazo zimeandikwa, pamoja na mwaka wake? Ambaye kadi yake inataja kasha peke yake, abaki hapa mbele. Mashine ninayo, nitaanza na mama aliyekaa pale mlangoni.