Wamemfuta Ronaldo wa Magomeni

REHEMA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Mimi Rehema, na huyu mwenzangu leo kaja na sura ya msiba. Chande, kuna usalama?

CHANDE: Hakuna. Wamemfuta Ronaldo.

REHEMA: Hebu anza kwa utaratibu, kuna watu wanatusikiliza ndani ya daladala, watadhani mtu kafa.

CHANDE: Kinyozi wangu wa Magomeni si mnamjua, nimemtaja humu mpaka mmechoka. Nje ya banda lake kulikuwa na ule mchoro wa vichwa. Panki, denge, kipara, kila kichwa na namba yake, unaingia unasema "nipige namba nne." Na katikati Ronaldo, mkubwa kuliko wote. Jumanne nafika na nywele zangu, nakuta nyumba nzima, mbele, ubavuni, mpaka ngazi, imepigwa rangi ya kampuni moja ya simu. Siitaji.

REHEMA: Usiitaje. Ila Chande, yule hakuwa Ronaldo.

CHANDE: Tusianze.

REHEMA: Yule alikuwa Samatta.

CHANDE: Samatta ana sikio lile?

REHEMA: Sikio lile hana mtu yeyote duniani! Lilikuwa moja, tena limekaa usawa wa kidevu.

CHANDE: Kwa sababu la pili liliangukia kwenye dirisha. Mchoraji kakuta dirisha, ulitaka alihamishe?

REHEMA: [anacheka] Haya. Wiki iliyopita tuliwaahidi miji mitano ya michoro ya ukutani, na mwishoni mambo matatu ya kuzingatia kwa anayesafiri kwenda kuiona. Niliandaa karatasi nzima mimi. Sasa tunaanzia Magomeni?

CHANDE: Tunaanzia New York, ila ni kesi ileile. Pale Queens, mtaa wa Long Island City, kulikuwa na jengo la zamani la kiwanda, 5Pointz. Treni namba 7 inapita hewani karibu nalo, kwa hiyo abiria akiinua macho anaona kuta zimejaa michoro kutoka chini mpaka juu. Na mwenye jengo, Jerry Wolkoff, aliruhusu mwenyewe. Kulikuwa na msimamizi kabisa, Jonathan Cohen, jina lake la ukutani Meres One. Ukitaka kuchora unamwona yeye, anakupangia ukuta, anakwambia mchoro wako utakaa muda mrefu au utapisha mwingine.

REHEMA: Kwa hiyo kufutana kulikuwepo tangu mwanzo.

CHANDE: Kwa makubaliano! Sasa Wolkoff akataka kujenga maghorofa. Novemba 2013, usiku, akaleta watu na rangi nyeupe. Watu wanaamka, kuta zote zimechafuliwa kwa weupe. Mwaka uliofuata akabomoa.

REHEMA: Jengo lake.

CHANDE: Subiri. Wachoraji 21 wakaenda mahakamani. Marekani wana sheria ya mwaka 1990 inayosema kazi ya sanaa yenye hadhi huwezi kuiharibu hivihivi, hata kama imo mwilini mwa jengo lako. Kama inaweza kuondolewa, unampa mwenye kazi notisi ya maandishi, siku 90, aje aichukue. Februari 2018 Jaji Frederic Block akahesabu michoro 45, kila mmoja dola 150,000. Jumla dola milioni 6.75. Wolkoff akakata rufaa, 2020 akashindwa tena.

REHEMA: Milioni 6.75 kwa ukuta aliokuwa anauvunja?

CHANDE: Kwa kutosubiri. Jaji alisema wazi, jamaa hakuwa hata na vibali vya kubomoa siku ile. Angengoja miezi kumi avipate, wachoraji wangepiga picha zao, wangeaga, wanaoweza kuokoa kipande wangeokoa. Aliwahi makusudi.

REHEMA: Mimi hapo ndipo tunapoachana. Mama yangu ana vyumba vya kupangisha Temeke. Ukuta ule kaujenga kwa vikoba, tofali kwa tofali. Kodi ya jengo analipa yeye, ukipasuka anaita fundi yeye. Leo kijana aje achore simba, mama amwambie "haya, chora, pendezesha," halafu kesho akitaka kupaka chokaa aanze kuandika barua?

CHANDE: Akikubali, amekubali.

REHEMA: Amekubali leo! Hajamwozesha ukuta.

CHANDE: Lakini ona faida. 5Pointz watalii walikuwa wanashuka pale kwa sababu ya ile michoro. Eneo limepata jina, bei ya kiwanja imepanda, halafu aliyelipandisha jina anapigwa rangi usiku. Kinyozi wangu vilevile. Watu walikuwa wanaelekezana, "ukifika kwa Ronaldo, kata kulia."

REHEMA: Kwa Samatta.

CHANDE: Kwa Ronaldo!

REHEMA: Fundi wetu wa sauti anatikisa kichwa huku. Anasema nini? [kimya kidogo] Anasema siku zote alijua ni Usher.

CHANDE: Usher?! Yule kavaa jezi!

REHEMA: Jezi gani haina namba, haina beji? Ile singlendi. Halafu, swali la msingi, mchoraji alilipwa?

CHANDE: Alilipwa.

REHEMA: Shilingi ngapi?

CHANDE: Kunyolewa bure mpaka Idi.

REHEMA: Basi deni limekwisha! Na mwenye nyumba hakushirikishwa, aliyeagiza mchoro ni mpangaji. Hata huyo Jaji Block wako angeifukuza kesi asubuhi.

CHANDE: Sawa, acha sheria. Twende Berlin, Kreuzberg. Kuna mchoraji wa Italia anajiita Blu, sura yake haijulikani. Mtaa wa Cuvry alichora kuta mbili kubwa mwaka 2007 na 2008. Mmoja ni mwanamume wa suti asiye na kichwa, anajiwekea tai sawa. Na mikononi ana saa mbili za dhahabu, moja kila mkono, zimeunganishwa kwa mnyororo. Pingu. Unatazama kwa mbali unaona tajiri, ukisogea unaona mfungwa.

REHEMA: Huo naupenda, siwezi kusema uongo.

CHANDE: Kila mtalii akawa anaupiga picha. Uwanja wa mbele ukapangiwa majengo mapya, na mtaa ukawa unauzwa kwa sura ya ule mchoro. Desemba 2014 Blu mwenyewe akaridhia, wenzake wakapanda na rangi nyeusi, wakaufunika wote.

REHEMA: Ahaa! Kwa hiyo mchoraji akifuta ni sanaa, mwenye ukuta akifuta ni dhambi?

CHANDE: Ndiyo.

REHEMA: Hivyohivyo tu, ndiyo?

CHANDE: Wa kwake.

REHEMA: Na akarudia Bologna, hilo liko kwenye karatasi yangu. Machi 2016, kulikuwa na maonyesho, waandaaji wakabandua kazi za mitaani wakaziweka ndani, watu waingie kwa tiketi. Blu akakasirika, akafunika kwa rangi ya kijivu michoro yake yote ya mji ule, kazi za miaka ishirini. Hasira yake naielewa. Lakini yule bibi aliyekuwa anafungua dirisha kila asubuhi anauona, aliulizwa? Kama mchoro ni wa mtaa, basi Blu naye kaunyang'anya mtaa. Na kama si wa mtaa, ni wa mwenye ukuta.

CHANDE: Unaruka. Kati ya mtaa na mwenye ukuta kuna aliyeshika brashi.

REHEMA: Mimi mchoro wangu wa mfano ni wa Kibera, 2009. JR, Mfaransa, alipiga picha za wanawake wa pale, nyuso na macho, akazichapa kwenye turubai lisilopitisha maji, akatandika juu ya mapaa. Mita za mraba 2,000. Mvua ikinyesha, lile jicho limekukinga. Na reli si inapita pale? Akabandika macho kwenye mabehewa, na nusu za chini za nyuso, pua na mdomo, akazibandika kwenye mabati ya mtelemko chini ya reli. Treni ikipita, kwa ile nukta moja, macho yanakutana na mdomo, uso unakamilika. Halafu imepita.

CHANDE: Hiyo kali.

REHEMA: Aliyetoa paa kapata paa. Hakuna wa kumpeleka mwenzake mahakamani.

CHANDE: Na siku mwenye banda akitaka kulikata lile turubai afunikie mkaa?

REHEMA: Akate! Jicho la nani litalia?

CHANDE: La yule mama aliyepigwa picha. Hapo sasa.

REHEMA: Akitaka atakuja kuchukua kipande. Hujanishawishi.

CHANDE: Wala wewe.

REHEMA: Fundi ananionyesha saa. Jamani, tumefika miji mingapi? East Side Gallery haijaguswa! Kilomita 1.3 za Ukuta wa Berlin zilizochorwa mwaka 1990, lile busu la Brezhnev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, na Honecker wa Ujerumani Mashariki, mchoro wa Dmitri Vrubel. Mwaka 2009 walikwangua michoro ya zamani, wakawaita wachoraji waichore upya, wengine wakakataa kwa sababu ya malipo. Ungeipenda, Chande, ni ugomvi mtupu.

CHANDE: Kwa hiyo busu wanalopiga nalo picha leo ni la 2009?

REHEMA: Mkono uleule wa Vrubel, rangi mpya.

CHANDE: Sasa ndiyo ile ya asili au nakala?

REHEMA: Usifungue hiyo, muda umekwisha. Na yale mambo matatu ya msafiri...

CHANDE: La kwanza lilikuwa lipi?

REHEMA: "Vaa viatu vya kutembelea."

CHANDE: Bora muda umekwisha.

REHEMA: [anacheka] Nilikesha nayo hiyo karatasi! Haya, wapenzi wasikilizaji, wenye nyumba na wapangaji, tutumieni sauti zenu, za kunitetea mimi zitapewa kipaumbele. Wiki ijayo tunahamia kwenye maandishi ya nyuma ya daladala na bajaji.

CHANDE: Ila notisi, Rehema. Siku 90 nyingi, sawa. Hata tatu.

REHEMA: Ukuta wa mama yangu?

CHANDE: Mbili.

REHEMA: Kwaherini.