Tushike Mpini: Mhadhara Kuhusu Upanga wa Kijapani

Ndugu wasikilizaji, upanga wa Kijapani ukiwekwa mbele ya watu, macho yote hukimbilia makali. Leo nawaomba tuyaache makali, tushike mpini.

Tazameni kijiti cha mwanzi kilichopenya mpini ubavu hadi ubavu. Hicho ni mekugi. Kinapita kwenye mti na kwenye msuka wa upanga, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, na mara nyingi ni hicho kimoja tu kinachouzuia usichomoke vitani. Kigonge kitoke, na upanga wote unafumuka: mpini unavuka, kisha seppa, kibati chembamba, kisha tsuba, kinga ya mkono, seppa ya pili, mwisho habaki, kola ya shaba inayoubana upanga mdomoni mwa ala. Mikuki ya yari, na naginata yenye kengee iliyopinda, nayo hushikwa kwa kijiti cha namna hiyohiyo.

Kwa kuwa kila kitu kinavuka, upanga wa karne ya 14 uliweza kuvalishwa tsuba ya karne ya 18, na wenyewe hawakuona ajabu. Mhunzi alifua chuma. Mwingine alichonga ala kwa mti wa honoki. Mwingine alizungusha uzi wa hariri juu ya ngozi ya taa, yule samaki bapa tunayemjua.

Mimi wanaonivutia zaidi ni masonara. Ukoo wa Goto, tangu Yujo wa karne ya 15, ulirithishana kazi hii vizazi 17. Madini yao makuu yaliitwa shakudo: shaba yenye dhahabu kidogo, takriban asilimia 3 hadi 5, inayochemshwa kwenye maji ya dawa mpaka itoe weusi wenye ubuluu. Dhahabu ipotelee ndani ya shaba ili izae weusi! Huo ni ufundi wa hali ya juu kabisa.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ya zama za Meiji ikapiga marufuku raia kubeba panga. Kano Natsuo, bingwa wa tsuba, alikuwa amekwisha kuchora sarafu mpya za yen. Mwaka 1890 akawa profesa wa sanaa Tokyo. Wenzake wengi waligeukia vyetezo na vasi za kuuzwa Ulaya na Marekani.

Tsuba nyingi nazo zikasafiri peke yake. Zimo makumbusho ya London na Boston. Ukiziona, chungulia tundu la kati. Mara nyingi utakuta vipande vya shaba laini, sekigane, vilivyogongewa humo ili tsuba ikae sawasawa kwenye msuka wa upanga mwingine.