Zabuni Ikikataliwa, Soma Kwanza Sababu

Ndugu wasikilizaji, nazungumzia kampuni ndogo zinazonyimwa zabuni na serikali kuu ya Marekani. Nyingi hupoteza haki yao siku za mwanzo tu, kwa kulalamika mahali pasipohusika.

Isomeni barua. Je, kasoro ni ya zabuni au ni ya kampuni? Zabuni iliyochelewa, au isiyo na dhamana iliyotakiwa, mara nyingi haina dawa. Lakini afisa wa manunuzi akisema mtaji wenu mdogo, mitambo haitoshi au rekodi ya kazi inatia shaka, yeye si mwamuzi wa mwisho. Sheria inamtaka apeleke suala hilo SBA, shirika la serikali la biashara ndogo, nanyi mtaulizwa kama mnaomba cheti cha uwezo, yaani uthibitisho wa SBA kwamba mnaiweza kazi hiyo. Kwa kawaida SBA huwa na siku 15 za kazi tu za kuamua. Kwa hiyo hesabu za fedha, barua za benki, ahadi za wasambazaji na orodha ya mikataba mnayoitekeleza sasa ziwe tayari mapema. Msipoomba, cheti hakitolewi. Kikitolewa, afisa hawezi tena kuwanyima mkataba kwa sababu ileile.

Kuna mtego hapa. Ofisi nyingine huweka uzoefu au uwezo kuwa kigezo cha kufaulu au kushindwa, kisha huandika kwamba pendekezo halikubaliki kitaalamu. GAO, inayosikiliza malalamiko ya zabuni, imeshaamua kwamba hilo ni suala lilelile la uwezo, na SBA ilipaswa kuulizwa. Wengi huipita hoja hii bila kuiona, na inaniuma, maana ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Mkishindwa kwa alama katika mapendekezo ya ushindani, ombeni kwa maandishi, ndani ya siku 3, maelezo ya kwa nini mlishindwa. Ofisi ikitoa tarehe za kuwapa maelezo hayo, chukueni ya kwanza. Kwa kawaida mna siku 10 za kalenda kulalamika GAO, lakini ili kazi isimamishwe, GAO lazima iwe imeiarifu ofisi ndani ya siku 5 tangu tarehe hiyo mliyopewa. Wasilisheni siku moja kabla. Mkichelewa, shauri litasikilizwa, ila uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 100 huku mshindi akiendelea na kazi.

Kama mnadai mshindi si biashara ndogo, msiende GAO. Malalamiko hayo hupitia kwa afisa wa manunuzi, ndani ya siku 5 za kazi, yakiwa na ushahidi mahususi: nani anaimiliki, ina wafanyakazi wangapi, mapato yake ni kiasi gani. Tetesi hutupwa.