Ngome ya Powis na pesa zilizoilinda

Ndugu zangu, walimu na wanafunzi wa historia, asanteni kwa kuja. Leo nitazungumzia jengo moja tu. Linaitwa Powis Castle, liko Wales, jirani na mji mdogo wa Welshpool, karibu na mpaka wa England. Limejengwa kwa mawe mekundu juu ya mwamba, na ukilitazama kutoka bondeni huna shaka kwamba aliyelijenga aliogopa watu. Lakini ukiingia ndani unakuta mazulia, picha za mababu, dari zilizonakshiwa na vitanda vya kifalme. Ngome nyingi za zama zile leo ni magofu. Hii haijawahi kukosa paa. Kwa nini? Jibu langu, ambalo nitalitetea, ni kwamba kila mara jengo hili lilipokaribia kuanguka, zilipatikana pesa mpya za kuliinua, na ni lazima tuulize pesa hizo zilitoka wapi.

Tuanze na mjenzi. Wengi tunadhani kila ngome ya mawe ya Wales iliwekwa na Mfalme Edward I wa England ili kuwatawala Wawales. Hii ilijengwa na Mwales mwenyewe, Gruffudd ap Gwenwynwyn, mtawala wa Powys kusini, dola ndogo ya Kiwales. Adui yake mkubwa hakuwa Mwingereza, bali Llywelyn ap Gruffudd, Mwales mwenzake aliyetaka kuwaweka watawala wote wa Wales chini yake. Mwaka 1274 njama ya kumuua Llywelyn ilifichuka, Gruffudd akiwamo, akakimbilia kwa Edward. Edward aliposhinda vita vya 1277, Gruffudd alirudi nyuma ya jeshi lake na kurejeshewa ardhi. Kwa hiyo ngome hii ni tunda la mtu aliyechagua kumtumikia mgeni kuliko kumnyenyekea jirani. Tusimhukumu haraka. Historia ya watawala wadogo waliobanwa kati ya wakubwa wawili tunaijua vizuri.

Mwanawe, Owain, aliacha cheo cha utawala wa Kiwales akawa lodi wa kawaida chini ya mfalme wa England. Urithi ukamwangukia binti, Hawys. Hapo ugomvi ukawaka ndani ya ukoo: baba yake mdogo, Gruffudd Fychan, alidai kwamba kwa sheria ya Wales mwanamke harithi ardhi. Mfalme Edward II alimpa Hawys haki yake kwa sheria ya England, akamwoza kwa mtumishi wake wa ikulu, John Charlton. Mwaka 1312 baba mdogo alikuja na watu wake akaizingira ngome, mpwa wake akiwa ndani na mumewe. Hakufanikiwa. Tangu hapo Powis ikawa mikononi mwa watu wa mfalme.

Miaka mingine mia mbili na zaidi naipita upesi, maana warithi walififia na jengo likachakaa pamoja nao. Jambo kubwa linakuja mwaka 1587, Sir Edward Herbert alipoinunua. Herbert hakuwa na haja ya ngome. Alihitaji nyumba ya kuonyesha hadhi. Katika miaka ya 1590 alijenga ukumbi mrefu wa ghorofani, mwembamba kama baraza, wenye dari ya plasta iliyotiwa nakshi. Kazi ya ukumbi kama huo ilikuwa kutembeatembea mvua inaponyesha, na kuwaonyesha wageni picha za ukoo. Minara miwili ya duara iliyolinda lango haikuguswa. Sura ya zamani ilikuwa bado na faida: ukuta mnene uliwaambia wageni kwamba wenye nyumba si watu wa jana, ijapokuwa Herbert mwenyewe alikuwa ndio kwanza ameinunua.

Vita vilirudi mara moja. Mwaka 1644, Bunge likipigana na Mfalme Charles I, Sir Thomas Myddelton alilishambulia jengo usiku, lango likapasuliwa kwa baruti, na familia ya Herbert, iliyokuwa upande wa mfalme, ikapoteza nyumba yake. Ngome nyingi zilibomolewa makusudi na Bunge ili zisitumike tena. Powis ilisalimika, na ufalme uliporejea mwaka 1660 wenyewe wakarudi.

Chumba kimoja kinachotajwa sana ni kile cha kulala mgeni wa kifalme, kilichopambwa katika miaka ya 1660. Kitanda kimewekwa ndani ya kijumba cha ukutani, na mbele yake kuna wigo mfupi wa mbao, kwa mtindo wa ikulu ya Ufaransa. Katika ikulu ile mtawala aliamka na kuvalishwa mbele ya watu, na wigo ndio uliotenganisha waliostahili kumsogelea na waliostahili kumtazama kwa mbali tu. Ukitaka kuelewa mamlaka ya karne ile, mbao zile zitakufundisha mengi kuliko mizinga.

Nje, bustani ya ngazi kubwa nne za mawe ilianza kuchongwa mlimani katika miaka ya 1680. Mwenye nyumba wakati huo, William Herbert, alikuwa Mkatoliki, akamfuata Mfalme James II uhamishoni Ufaransa baada ya mapinduzi ya 1688 yaliyomng'oa mfalme huyo, akafia huko. Nyumba alipewa jamaa wa mfalme mpya, Mholanzi, na akina Herbert hawakuirudisha mpaka mwaka 1722.

Sasa nafika pale ninapotaka mnisikilize kwa makini. Katika karne ya 18 akina Herbert walikuwa na jina kubwa na madeni makubwa. Mwaka 1784 binti yao, Henrietta, aliolewa na Edward Clive. Baba wa Edward ndiye Robert Clive, aliyeongoza jeshi la Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, kushinda vita vya Plassey mwaka 1757 na kujichotea utajiri wa Bengal, mashariki mwa India. Miaka kumi na mitatu baadaye, chini ya utawala wa kampuni hiyohiyo, Bengal ilikumbwa na njaa ya 1770 iliyoua watu kwa mamilioni. Jina likaoa pesa. Pesa zile ndizo zilizotengeneza kuta tunazozitazama.

Edward Clive mwenyewe alikuwa gavana wa Madras, kusini mwa India, kuanzia 1798 hadi 1803. Mwaka 1799 jeshi la Waingereza liliuteka mji wa Srirangapatna, likamuua Tipu Sultan wa Mysore, mtawala aliyewahi kuwa na kituo cha biashara hata Muscat. Kiti chake cha enzi, kilichopambwa kwa vichwa vya simbamarara vya dhahabu, kilivunjwavunjwa na kugawanywa. Kichwa kimoja kiko Powis. Hema lake pia liko Powis: kitambaa cha pamba chenye maua mekundu na kijani, kilichopambwa na mafundi wa India. Kizazi kilichofuata kililitumia kama turubai la karamu za bustanini. Mimi naliona jambo hilo kuwa zito kuliko dhahabu. Hema la mfalme aliyeuawa akitetea mji wake lilitandazwa juu ya wageni wanaokunywa chai.

Henrietta nimtendee haki. Mwaka 1800 alisafiri na binti zake kusini mwa India, zaidi ya kilomita 1,600, akikusanya mimea, mawe na vitu. Udadisi wake ulikuwa wa kweli. Njia aliyopita ilikuwa imefunguliwa kwa mizinga.

Mwaka 1952 jengo lilikabidhiwa kwa National Trust, taasisi ya hisani ya Uingereza inayotunza majengo ya kale, na tangu 1987 vitu vya India vina chumba chao cha maonyesho. Mwaka 2020 taasisi hiyo ilitoa ripoti iliyotaja nyumba zake zenye uhusiano na ukoloni na utumwa, Powis ikiwamo, na kelele zikawa nyingi. Wengine walisema wanataka bustani, si siasa. Mimi siwaelewi. Anayetaka kujua nani aliijenga ngome katika karne ya 13 hana sababu ya kukataa kujua nani alilipa mwaka 1784. Na wazao wa mafundi waliolipamba hema lile wanastahili kusikilizwa juu ya mahali linapopaswa kutandazwa. Karibuni maswali.